Saa ya sola inasimama usiku: niweke betri ya kawaida?

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba aliniachia saa ya mkono ya Citizen Eco-Drive, ya mishale, ile inayojichaji kwa mwanga. Imekaa kabatini zaidi ya miaka miwili. Wiki iliyopita niliiweka mezani karibu na dirisha, ikaamka, lakini mshale wa sekunde hauendi sawasawa: unapiga mara mbili haraka, unasubiri, unapiga tena. Usiku inasimama kabisa. Fundi wa hapa mtaani anasema betri imekufa, na kwamba ataniwekea ya kawaida kwa bei ndogo, ingawa betri yenyewe ilikuwa ya kuchajiwa. Nikubali?

JIBU: Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu mzee. Usikubali. Na hata mfuniko wa nyuma usifunguliwe kwanza, kwa sababu kwa maelezo yako saa hiyo huenda haina ugonjwa wowote zaidi ya njaa.

Nianze na huo mshale. Saa za Eco-Drive zina namna mbili za kulalamika, na watu wengi huzichanganya. Mshale ukiruka sekunde mbili kwa mpigo mmoja, kwa mwendo ulio sawa, saa inasema chaji inakaribia kwisha. Ukiruka kwa mwendo usio sawa, kama unavyoeleza wewe, inasema jambo jingine: ilisimama kabisa, sasa imepata nguvu kidogo, na majira inayoonyesha si ya kuaminika. Itaendelea hivyo hata ukiijaza chaji mpaka juu, hadi utakapovuta kile kifungo cha pembeni, utie majira upya, na ukirudishe ndani. Kila mara hunijia mteja aliyekata tamaa na saa nzima kabisa kwa sababu ya hili tu.

Hilo la kusimama usiku ndilo la kuchunguza, ila haliwezi kuamuliwa leo, maana saa yako haijashiba bado. Dirisha linadanganya macho. Jua la wazi la mchana hufika luksi (kipimo cha mwanga) 100,000, lakini mezani ndani ya chumba, hata chumba unachokiona kina mwanga wa kutosha, mara nyingi utapata luksi 500 hivi. Kwa mwanga huo saa iliyokauka kabisa huweza kuhitaji zaidi ya masaa 100 ili ijae. Ukisogea hatua mbili kutoka dirishani, au pazia likiwa limeshushwa, unapoteza sehemu kubwa ya hicho kidogo. Saa ikipata tone mchana, usiku inalitumia lote na kusimama.

Fanya hivi. Hakikisha kwanza kioo hakina ile karatasi ya plastiki ya dukani. Wapo wanaoiacha miaka na miaka wakidhani wanalinda kioo. Kisha kifungo cha pembeni kiwe kimeingia ndani. Weka saa nje juu ya sahani nyeupe, uso ukitazama jua, kuanzia kama saa moja na nusu asubuhi hadi saa nne, kabla jua halijawa la kuchoma. Rudia siku nne au tano mfululizo. Usiogope kuizidishia chaji, kwani ndani yake kuna saketi inayozuia hilo. Cha kuogopa ni joto. Citizen wanaonya isichajiwe penye nyuzi joto 60 au zaidi, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani hufika huko bila shida. Kipimo changu ni kiganja: gusa mfuniko wa nyuma, ukiona huwezi kuuvumilia, irudishe kivulini. Mawingu yakitanda, taa ya LED ya mezani inafaa, ila si ile balbu ya zamani ya waya inayotoa moto.

Kuna watu huizamisha saa kwenye bilauri ya maji na kuiweka juani ili isipate joto. Kwa saa mpya ya kupigia mbizi, sawa. Kwa saa ya mzee ambayo hujui mpira wake wa nyuma ulibadilishwa lini, usithubutu.

Baada ya siku hizo, tia majira, kisha ifungie kwenye droo yenye giza usiku mmoja na mchana wake. Ikitoka inatembea sekunde moja moja, na majira ni sahihi, umemaliza kazi. Mashine nyingi za Eco-Drive zikijaa hukaa kiasi cha miezi 6 gizani, kwa hiyo siku moja gizani si mtihani kwake. Ikiwa imesimama tena, basi ama betri imechoka kwa kukaa tupu muda mrefu, ama mashine inakula umeme kupita kiasi kwa sababu ya uchafu au mafuta yaliyoganda kwenye magurudumu. Hapo ndipo fundi anahitajika, na fundi huyo awe na mita. Mimi betri ya namna hii huipima jioni baada ya jua, kisha asubuhi baada ya giza. Kipimo kimoja hakitoshi, maana betri iliyochoka ikitoka juani huonyesha volti nzuri tu, halafu inaporomoka usiku.

Sasa nieleze kwa nini nakukataza betri ya kawaida, maana hili linaniuma. Saa nyingi nzuri za sola zimeuawa hivi, na mwenye saa huwa hajui, kwani mwanzoni huiona ikitembea vizuri kabisa.

Betri inayotumika kwenye mashine nyingi za Eco-Drive huitwa MT621. Upana wake ni milimita 6.8, unene 2.1, nguvu yake volti 1.5. Ni ya lithiamu, ya kuchajiwa. Betri ya kawaida ya saa iitwayo 364, au SR621SW, ina upana huo huo, unene karibu ule ule, na volti 1.55. Ukiziweka kiganjani utaona ni mapacha, ila ya sola mara nyingi huja na kikucha chembamba cha chuma kilichochomelewa ubavuni, na hiyo ya kawaida haina. Fundi mwenye haraka huikunja kunja sehemu ya kushikia, akaibana ya kawaida ikakaa. Saa inatembea, analipwa, mnaagana.

Lakini chini ya uso wa saa yako kuna paneli ya sola, na paneli haijui kwamba betri imebadilishwa. Kila unapotoka nje inasukuma umeme kuingia kwenye betri ambayo haikuundwa kupokea. Inavimba, kisha inavuja. Kinachovuja ni magadi makali yanayokula shaba ya saketi na nyaya za koili zilizo nyembamba kuliko unywele. Saa ikifika kwangu katika hali hiyo, naona ukoko mweupe au wa kijani umetambaa kutoka kwenye betri hadi kwenye koili, na kazi iliyokuwa ya betri tu imekuwa ya kutafuta mashine nzima.

Ikithibitika betri imekwisha, soma nyuma ya saa yako: alama nne za mwanzo za namba ndefu, herufi na tarakimu kwa pamoja, ndizo jina la mashine, na kwa jina hilo ndipo unapoagiza betri yake. Usiagize kwa jina la Eco-Drive pekee, kwa kuwa mashine ni nyingi na betri hazifanani; kuna zinazotumia MT920, ambayo ni pana zaidi. Casio za sola, G-Shock nyingi zikiwemo, hutumia CTL1616 yenye volti 2.3, haihusiani kabisa na hizi. Kwenye Casio pia, betri ikishabadilishwa lazima fundi aguse sehemu iliyoandikwa AC na upande chanya wa betri kwa kibano cha chuma, sekunde mbili hivi, la sivyo saa huweza kukaa bubu na betri ikasingiziwa kuwa mbovu. Na kama ndugu yako ana Seiko Kinetic, hiyo si ya sola. Hujichaji kwa kutikiswa mkononi, hata uianike mwaka mzima haitaamka.

Mfuniko ukishafunguliwa, mpira wake ubadilishwe na upakwe grisi kidogo ya silikoni. Sisi wa pwani tunajua chumvi na jasho vinavyofanya. Uso wa saa nao usibadilishwe kwa wowote ule unaopendeza: wa sola umetengenezwa upitishe mwanga, wa kawaida unaiziba paneli na saa itarudia njaa ile ile.

Kuhusu matunzo huna mengi. Ivae. Ukiwa mtu wa kanzu au shati la mikono mirefu, kumbuka inashinda gizani hata uwe nje siku nzima, hivyo ipe jua la asubuhi mara moja kwa mwezi. Usiku iache mezani uso juu, isirudi kabatini.

Na ukienda kwa fundi, muombe akuonyeshe betri mpya kabla hajaiweka. Soma maandishi mgongoni mwake mwenyewe. Ikianza na SR, chukua saa yako uondoke.