Maswali Yenu Kuhusu Tornio, Mji wa Mpakani Ufini

Tornio iko wapi hasa?

Iko kwenye ncha ya kaskazini ya Ghuba ya Bothnia, bahari iliyo kati ya Uswidi na Ufini, pale mto Torne unapoingia baharini. Kutoka Helsinki ni safari ya zaidi ya kilomita 700 kwa barabara, na Duara ya Aktiki, mstari ambao kaskazini yake jua halizami kabisa katikati ya kiangazi, iko kama kilomita 80 tu kaskazini yake. Kitovu cha mji kiko juu ya kisiwa cha Suensaari, katikati ya matawi ya mto. Kikumbuke kisiwa hicho, maana ndicho kiini cha habari yote.

Nani aliuanzisha, na alifuata nini kwenye baridi ile?

Mfalme Gustav II Adolf wa Uswidi aliupa hadhi ya mji mwaka 1621, enzi ambazo Ufini ilikuwa sehemu ya Uswidi. Lakini soko lilikuwepo zamani kabla yake. Wafanyabiashara wa bonde lile, walioitwa pirkkalaiset, walipanda mto kununua kwa Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini ile, manyoya, samaki wakavu na ngozi za poro, mnyama wa jamii ya kulungu anayefugwa huko. Kwa muda mrefu waliwatoza Wasami hata kodi. Mfalme alitaka biashara hiyo ifanyike mahali pamoja, aweze kuitoza ushuru. Ndiyo maana sipendi Tornio isimuliwe kama kazi ya mfalme peke yake: mali iliyoustawisha ilitoka kwa Wasami.

Kwenye ramani mpaka unafuata mto vizuri, ukifika Tornio unapinda. Mchoraji amekosea?

Hajakosea. Uswidi iliposhindwa vita na Urusi, mkataba wa Hamina wa mwaka 1809 uliipokonya Uswidi nchi ya Ufini, ikawa chini ya Urusi, na mpaka ukawekwa kwenye mito ya Muonio na Torne. Mkondo mkuu hupita mashariki ya Suensaari, kwa hiyo kama ungefuatwa hadi mwisho, Tornio ingebaki Uswidi. Warusi hawakukubali kuliacha soko la bonde zima. Mpaka ukahamishiwa kwenye kijitawi chembamba cha magharibi, na kisiwa kikaenda nao.

Waswidi wa upande wa pili wakabaki hawana mji. Wakajenga Haparanda, ng'ambo tu ya kijitawi hicho, nayo ikapata haki kamili za mji mwaka 1842. Leo mtu hutembea kwa miguu kutoka mji mmoja hadi mwingine, ila saa za Ufini ziko mbele kwa saa moja, hivyo mwaka mpya huko huingia mara mbili usiku uleule.

Nimesikia bahari inaukimbia mji huo. Inawezekanaje?

Ardhi ndiyo inayoinuka. Enzi ya barafu, barafu yenye unene wa zaidi ya kilomita mbili iliikandamiza, na tangu iyeyuke ardhi bado inapanda, milimita 7 hadi 9 kwa mwaka. Kuanzia 1621 hiyo ni karibu mita tatu. Bandari ya zamani ilikosa kina, na meli kubwa sasa hutia nanga Röyttä, kusini zaidi.

Ni kweli umbo la dunia lilipimwa huko?

Kweli, na kwangu hili ndilo tukio kubwa kuliko yote ya mji ule. Wataalamu walibishana: je, dunia imebonyea kwenye ncha zake, kama alivyosema Newton, au imerefuka? Mwaka 1736 mwanahisabati Mfaransa Maupertuis alifika Tornio na wenzake, akiwemo mwanafalaki Mswidi Anders Celsius. Walipima pembe kutoka kilima hadi kilima, kuanzia mnara wa kanisa la Tornio hadi kilima cha Kittisvaara karibu na Pello, kaskazini zaidi. Mwezi Desemba walilaza fito za mbao juu ya mto ulioganda, moja baada ya nyingine, kupata urefu wa mstari wa msingi, yaani umbali mmoja uliopimwa moja kwa moja ili pembe zile ziweze kugeuzwa kuwa umbali. Hesabu ilionyesha kuwa nyuzi moja ya latitudo huko ni ndefu kuliko Ufaransa. Dunia ikibonyea kwenye ncha, nyuzi za karibu na ncha ndizo huwa ndefu zaidi, kwa hiyo Newton alikuwa sahihi. Kanisa lenyewe, la mbao tupu, lilijengwa mwaka 1686 na bado limesimama.