Kabla ya Kadi ya Taulo, Kasome Mita

Mwenye hoteli akiniita nimshauri namna ya kuifanya hoteli yake iwe rafiki wa mazingira, mara nyingi nakuta ameshanunua mirija ya karatasi, ameshachapisha kadi ya kumwomba mgeni atumie taulo zaidi ya siku moja, na mapokezini kuna mmea mkubwa kwenye chungu. Hivyo vyote havina ubaya. Lakini nimefanya kazi za hoteli katikati ya Dar es Salaam kwa miaka mingi, kwanza nikitandika vitanda, sasa nikisimamia wahudumu wa vyumba pamoja na mafundi, na nina hakika kwamba hoteli ya mjini huharibu mazingira mahali ambapo mgeni hapaoni. Ni kwenye tangi la choo linalovuja usiku kucha, kwenye hita inayochemsha maji ya chumba kisicho na mtu, kwenye kiyoyozi kinachopoza kitanda kitupu, na kwenye pipa la jikoni baada ya chai ya asubuhi. Anzia huko, na uanze kwa kupima.

Nitakaa zaidi kwenye maji, maana hapo ndipo hoteli nyingi zinapoteza bila kujua. Jiji hili hutegemea Mto Ruvu. Mwishoni mwa mwaka 2022 mto ulipopungua, DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ilitangaza mgawo, na kila mtu akawa anatafuta boza la maji. Wenye visima walijiona wamesalimika. Lakini visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi, na kadiri watu wanavyovuta maji ndivyo ya bahari yanavyosogea chini kwa chini. Chumvi hiyo inakula koili za hita, inaziba vichwa vya shawa na kuchakaza mashuka. Kisima hakikupi ruhusa ya kumwaga maji.

Sasa, kusoma mita ya DAWASA peke yake hakutoshi. Kwa hoteli nyingi za hapa maji huingia kwanza kwenye tangi la chini, pampu inayapandisha kwenye matangi ya juu ya paa, kisha yanashuka vyumbani. Mita ya nje inakwambia kilichoingia, haikwambii kilichotumika wala kilichovuja. Mwambie fundi afunge mita ndogo kwenye bomba linaloshuka kutoka paani. Kisha mlinzi wa zamu aisome saa nane usiku na aisome tena saa kumi, wakati wageni wamelala. Ikiwa imetembea sana ndani ya saa hizo mbili, maji yanapita mahali pasipostahili. Kama huna fedha ya mita hata moja, chora alama kwenye tangi la paani, zima pampu, na uangalie kina saa zilezile.

Mara nyingi mkosaji ni choo. Mpira wa chini ya tangi umechakaa, au boya limewekwa juu mno na maji yanamwagika ndani ya mrija wa kufurikia bila sauti. Weka matone machache ya rangi ya chakula kwenye tangi, usivute maji, subiri nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, badilisha mpira. Ni kazi ya dakika chache kwa chumba, na mhudumu yeyote anaweza kuifanya akiwa anapanga chumba. Huu ndio mtihani wa kwanza ninaowafundisha wahudumu wapya.

Kisha shawa. Chukua ndoo ya lita 10 na saa ya simu. Ikijaa kwa sekunde 40, shawa hiyo inatoa lita 15 kwa dakika, na mgeni anayeoga dakika nane ametumia lita 120. Ukifunga kichwa kinachotoa lita 8 kwa dakika, mgeni huyohuyo atatumia lita 64, na kama kichwa ni kizuri hatahisi tofauti. Lakini usifunge vichwa vya aina moja jengo zima. Chumba cha ghorofa ya juu kabisa, chini tu ya tangi, kina msukumo mdogo wa maji. Cha ghorofa ya kwanza kina msukumo mkubwa. Pima kila ghorofa. Vizuizi, yaani vile vichwa vinavyopunguza maji, viende chini, juu paachwe au pawekewe pampu ndogo. Nimeona hoteli ikifunga vizuizi kila mahali kwa siku moja, wageni wa juu wakalalamika, na ndani ya wiki vyote vikang'olewa, hata vile vya chini vilivyokuwa vinafanya kazi vizuri.

Faida nyingine ya kupunguza maji haisemwi sana: karo, yaani shimo la majitaka. Majengo mengi ya jiji hayajaunganishwa na mtandao wa majitaka, kwa hiyo kila lita inayopita bafuni inaishia kwenye karo, na karo likijaa unalipia gari la kunyonya. Maji yaliyookolewa yanakuepusha na malipo mawili, ya kuyaingiza na ya kuyanyonya.

Mvua pia isipotee. Paa la mita za mraba 200 likipata mvua ya milimita 10 tu limepokea lita 2,000. Masika ya Dar es Salaam hutoa mvua za namna hiyo mara nyingi. Maji hayo yapelekwe kwenye tangi lake la pekee, yatumike kudekia, kumwagilia na kuvutia choo. Hata maji yanayodondoka kwenye mrija wa kiyoyozi yana kazi. Kwa unyevu wa pwani hii, ndoo iliyowekwa chini ya mrija hujaa upesi. Si ya kunywa, lakini maua na sakafu hayana malalamiko nayo.

Nikija kwenye umeme, naanza na hita kabla ya taa. Taa za LED karibu kila mtu ameshaweka, na vizuri. Hita zimesahaulika. Kupasha lita 80 za maji kutoka nyuzi joto 27 hadi 60 kunakula karibu yuniti tatu za LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Hita ikiachwa imewashwa mchana na usiku kwenye chumba kitupu, inapoteza joto polepole na kujiwasha tena, siku nzima, bila mtu wa kuoga. Utaratibu ninaoupendekeza: chumba kisicho na mgeni, hita izimwe; mgeni anayetarajiwa jioni, hita iwashwe saa mbili kabla. Wahudumu wanaweza kuzifuata hita kwa orodha ileile ya vyumba wanayopewa asubuhi. Kama unajenga upya, weka hita ndogo za lita 30 vyumba vya mtu mmoja, au mitambo ya jua juu ya paa. Jua la hapa linatosha. Kinachokosekana mara nyingi ni nafasi, kwa sababu paa limeshajaa matangi na minara ya simu, kwa hiyo ipigie hesabu mapema.

Jambo moja usilifanyie mchezo. Usipunguze joto la hita hadi maji yakawa vuguvugu ukidhani unaokoa umeme. Maji yanayokaa kwenye uvuguvugu hulea bakteria aina ya legionela, na mtu huwavuta na matone laini ya shawa hadi kwenye mapafu. Hita inayotumika ifike nyuzi 60. Chumba kilichokaa bila mgeni, bomba lifunguliwe mara moja kwa wiki maji yatiririke, na kabla ya mgeni kuingia hita ichemke ipasavyo.

Kiyoyozi ndicho kinachokula zaidi. India iliamua kuanzia Januari 2020 kwamba viyoyozi vipya vya vyumbani vitoke kiwandani vikiwa vimewekwa nyuzi 24, na wataalamu wao wanakadiria kila nyuzi unayopandisha inaokoa karibu asilimia 6 ya umeme wa kiyoyozi. Huna haja ya kusubiri sheria. Mhudumu akimaliza kupanga chumba aache rimoti kwenye 24, pazia la upande wa jua likiwa limefungwa. Mgeni akitaka 18 atashusha mwenyewe, lakini wengi hawagusi.

Wahudumu wangu nawaagiza kitu cha kwanza wakiingia chumbani: zima kiyoyozi, fungua dirisha. Unapopiga deki mlango ukiwa wazi na kiyoyozi kinanguruma, unapoza korido. Kile kipachiko cha kadi ya mlangoni kinachokata umeme mgeni akitoka ni kizuri kwenye karatasi. Kwenye maisha, wageni huchomeka kadi yoyote ya mfukoni ili chumba kibaki baridi. Wasilaumiwe, joto la Februari hapa ni kali. Ukiweza, weka kihisi cha dirisha au cha mlango kinachozima kiyoyozi tu, na umwahidi mgeni kwamba mapokezi wakipigiwa simu watamwashia akiwa njiani. Vichujio visafishwe kila wiki mbili, maana vumbi la Kariakoo na Posta halina subira.

Halafu kuna gesi ya viyoyozi. Vifaa vya zamani bado vina R-22, ambayo inaharibu tabaka la ozoni, na kilo moja yake ikitoroka inapasha dunia joto kama kilo 1,800 hivi za hewa ya ukaa. Fundi akikwambia kiyoyozi "kimeishiwa gesi, tuongeze", mwulize gesi imetokea wapi. Gesi haiishi kama mafuta ya gari. Ikipungua kuna tundu. Tundu lizibwe kwanza. Na asikubaliwe fundi anayefungua koki na kuiachia gesi hewani ili aanze upya; awe na mashine ya kuikusanya. Ukinunua kipya chagua cha inveta, yaani kinachopunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka, na kinachotumia R-32, ambayo madhara yake kwa joto la dunia ni kama theluthi ya hayo, na haigusi ozoni.

Wenye kujenga, nawaomba sana, tuache kuiga majengo ya vioo vitupu. Pwani yetu ina kaskazi na kusi, pepo ambazo waliojenga nyumba za zamani za mji huu walizipangia baraza, madirisha yanayotazamana na vivuli. Hoteli yenye dirisha linalofunguka na kivuli juu yake inaweza kumpa mgeni usiku mzima wa Julai kwa feni tu.

Umeme wa gridi yetu sasa unatoka zaidi kwenye maji na gesi asilia. Jenereta ni habari nyingine: kila lita ya dizeli inayoungua hutoa kilo 2.7 hivi za hewa ya ukaa, na moshi wake unabaki mtaani kwa jirani. Weka betri kwa ajili ya mapokezi, korido na intaneti, ili jenereta kubwa lisiwashwe saa tisa usiku kwa taa chache.

Turudi kwenye kadi ya taulo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na Goldstein, Cialdini na Griskevicius huko Marekani ulionyesha kwamba wageni walirudia taulo zaidi walipoambiwa kuwa wengi waliowahi kulala kwenye chumba kilekile walifanya hivyo, kuliko walipoombwa kuokoa mazingira. Kwa hiyo andika maneno ya namna hiyo, kama ni kweli kwa hoteli yako. Ila kasoro kubwa ninayoiona iko kwa usimamizi. Mgeni ametundika taulo kama alivyoombwa, anarudi jioni anakuta jipya. Mhudumu amelibadilisha kwa sababu msimamizi atakuja kukagua kwa kanuni ya zamani, na chumba chenye taulo la jana kitahesabiwa hakijasafishwa. Badilisha fomu ya ukaguzi kabla hujachapisha kadi. Kwa dobi: mashine ijae, sabuni iwe ya maji baridi, na mashuka yaanikwe paani badala ya mashine ya kukaushia.

Jikoni, pima mabaki ya bafe kwa mzani kila asubuhi, na andika ni ya nini. Utakuta ni vilevile: mayai ya kuvuruga, tikiti, mkate uliokatwa mwingi. Tumia vyombo vidogo vijazwe mara kwa mara, chapati na mayai vipikwe mgeni akiagiza. Chakula kisichoguswa kiliwe na wafanyakazi siku hiyohiyo. Makombo ya sahani yakienda kwa wafugaji wa nguruwe lazima yachemshwe, kwa hofu ya homa ya nguruwe ya Afrika. Kama hilo haliendani na imani ya nyumba, wako wanaolea funza wa kulisha kuku. Mafuta yaliyokaangiwa yasimwagwe sinki wala yasiuzwe kwa wakaanga chipsi.

Mifuko ya plastiki Tanzania iliipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa ndogo za maji bado zimejaa vyumbani. Weka madumu makubwa yaliyofungwa kwenye kila korido, na gilasi na jagi lenye kifuniko chumbani. Mgeni aone lakiri ikifunguliwa. Hapo ndipo anapoamini. Soda zibaki za chupa za kioo zinazorudi kiwandani na kreti.

Hesabu ya mita zote ibandikwe pale wafanyakazi wanapolia chakula, yuniti na lita za wiki hii kando ya zile za wiki iliyopita. Na sehemu ya fedha iliyookolewa iende kwao, kwenye mshahara, kila mwezi, kwa kiwango kilichoandikwa. Mhudumu anapanga vyumba kumi na zaidi kwa zamu moja. Ukimwongezea kazi ya kukagua vyoo, hita na rimoti bila kumlipa, ataiacha, na atakuwa na haki.