Ufadhili ulinilipia ada, haukumlea mwanangu

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja, tuliyesoma naye ukutubi, yaani kazi ya maktaba, Bagamoyo, alinitumia ujumbe wa sauti: "Dada, huo ufadhili wa wanawake kuja kusoma Marekani upo kweli? Na wewe huko unaishije? Niambie ukweli, usinifiche." Namjibu hapa, maana najua mnaouliza ni wengi.

Upo. Ila ni nadra kukuta fedha iliyotengwa kwa wakutubi wanawake peke yao. Wengi wetu tunapita mlango wa wanawake wote. P.E.O., chama cha wanawake cha huku, kina mfuko tangu 1949 kwa ajili ya wanawake wa nchi nyingine wanaosoma shahada za juu Marekani na Kanada. Mfuko wa Margaret McNamara nao unasaidia wanawake wa nchi zinazoendelea waliofikisha miaka 25, na kwa huku lazima uwe umeshaandikishwa chuoni. Kwa hiyo usikae kungoja ufadhili ndipo utafute chuo. Chuo kwanza. Tena P.E.O. wanasema wazi kwamba fedha yao ni ya kukusogeza, haikusudiwi kumaliza gharama zote.

Hapo ndipo palipoumiza. Fomu nilizojaza ziliuliza alama, uzoefu na malengo. Hakuna hata moja iliyouliza mwanangu atalala kwa nani. Alikuwa na miaka mitano, nikamwacha kwa mama Tanga. Viza ya mwanafunzi inaruhusu kazi ya chuoni, mwisho saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, nami nilizifanya zote, kurudisha vitabu rafuni. Asubuhi ya huku ni jioni ya Tanga, basi nilikuwa napiga simu huku nasukuma kitoroli. Siku aliyosoma neno "kikombe" mwenyewe, silabi kwa silabi bila kusaidiwa, nilikuwa kati ya rafu mbili na mzigo wa vitabu mkononi. Niliviweka chini nikachuchumaa nikalia. Miaka yote nimewasomea hadithi watoto wa wenzangu, wangu kafundishwa kusoma na bibi yake.

Nasema hivi si kwa kukutisha. Nataka upige hesabu hiyo kabla ya kupiga hesabu ya nauli: nani atabaki na mtoto, na huyo naye atakula nini. Mimi robo ya posho yangu ilikwenda Tanga kila mwezi, na bado nilimpunja mama.

Nilichokipata? Nyumbani nilikariri namba za Dewey, yaani namba za kupanga vitabu maktabani kwa mada zilizobuniwa na Mmarekani Melvil Dewey, kama jedwali la kuzidisha. Huku mwalimu alitandika orodha mezani akauliza: kwa nini 220 hadi 280 zote ni za Ukristo, Uislamu ukapewa 297, na dini za jadi za Afrika zikabanwa kwenye 299.6? Sikuwahi kufikiri kwamba namba zina mwenyewe. Halafu nikajifunza kwamba Dewey huyo alipofungua shule ya kwanza ya ukutubi New York mwaka 1887, wanafunzi 17 kati ya 20 walikuwa wanawake, wakati chuo kilichokuwa na shule hiyo hakikuwataka wanawake. Siku hiyo ndiyo nilinyoosha mkono darasani kwa mara ya kwanza. Sauti ilitetemeka, lakini niliongea mpaka mwisho, na tangu hapo sijanyamaza.

Upweke upo, na baridi ipo, hayo yanazoeleka.

Wewe mdogo wangu, fuata ruhusa ya masomo ya mwajiri mapema, kwa maandishi, maana maneno ya mdomo yalinigharimu karibu nipoteze kazi. Barua ya malengo usiinakili kwa mtu. Andika habari za ile kaunta yako, wale wanafunzi wanaogombania kitabu kimoja cha Baiolojia wakati wa mitihani. Ukimaliza nitumie, Jumapili huwa nipo nyumbani, nitaisoma mstari kwa mstari.