Tangu niache ugali usingizi umeniruka: ni chakula au ni dawa?

SWALI: Daktari mwanangu, hujambo? Mimi ni mama wa miaka 63, naishi Morogoro. Kisukari niligundulika nacho mwaka 2015. Nameza metformini ya miligramu 1,000 asubuhi na jioni, glibenklamidi ya miligramu 5 asubuhi na jioni, na atenololi ya presha. Wiki tatu zilizopita niliacha wanga kabisa: ugali, wali, chapati, viazi, hata ndizi. Nakula mayai, dagaa, nyama, mchicha na parachichi. Sukari ya asubuhi iliyokuwa 12 au 13 sasa inasoma 6 na kitu, na nguo zimeanza kunipwaya. Nimefurahi. Tatizo ni usingizi. Nalala saa nne, ikifika saa nane au saa tisa usiku nashtuka, shuka limelowa jasho, nimeota nakimbizwa, na hapo silali tena mpaka kunakucha. Asubuhi kichwa kizito. Misuli ya miguu nayo inakaza. Jirani anasema ni sumu zinatoka mwilini, nivumilie, na amenigawia vidonge vyake vya usingizi. Nivimeze? Au nirudie ugali wangu?

JIBU: Shikamoo mama. Vidonge vya jirani mrudishie leo hii, kabla hata hujamaliza kusoma. Huko kushtuka kwako usiku huenda ndiko kunakokulinda, na kidonge cha usingizi kitakulaza usisikie. Habari ya sumu nayo iache. Kuondoa sumu ni kazi ya ini na figo, na viungo hivyo havisubiri saa tisa usiku kukulowesha shuka.

Kilichonishtua katika barua yako ni hilo jasho, likifuatana na glibenklamidi ya jioni.

Metformini haina ugomvi na lishe yako. Ikiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi, ambayo wengine mnaijua kwa jina la Daonil, ni habari nyingine. Inaliminya kongosho litoe insulini, homoni inayoshusha sukari, wala haiulizi umekula nini. Kazi yake inaweza kuendelea hadi saa 24, kwa hiyo kidonge cha jioni kiko macho usiku kucha wewe ukiwa umelala. Na kipimo chako kilipangwa enzi za ugali. Gramu 100 za unga wa mahindi zina wanga wa gramu 75 hivi, na kuna sahani za ugali zinazopita unga huo. Mayai mawili na mchicha ni gramu chache tu. Mzigo umeushusha, lakini punda bado anachapwa fimbo zile zile.

Sukari ikishuka sana usiku, mwili hupiga kengele kwa homoni ya adrenalini ili ini litoe sukari ya akiba. Adrenalini hiyo ndiyo inayokuamsha na jasho, ndoto za kukimbizwa na, kukicha, kichwa kizito. Ini likishamwaga akiba yake, asubuhi kipimo kinakusomea 6 na wewe unafurahi. Sita ya asubuhi inaweza kuficha tatu ya saa tisa usiku. Kuna na jambo la atenololi: dawa za kundi hilo huficha kutetemeka na moyo kwenda mbio, ila jasho hazilifichi. Yaani huenda jasho ndilo shahidi pekee uliyebaki naye.

Basi usiku wa leo tega saa ya kukuamsha saa tisa, upime. Ukishtuka kabla ya hapo, pima hapo hapo kabla ya kutia kitu mdomoni. Ikisoma chini ya 4 (kwa vipimo vya miligramu ni chini ya 70), koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, unywe, subiri dakika 15, upime tena. Bado iko chini? Rudia. Ikipanda, kula kitu chenye wanga, kipande cha mkate au kiazi, kwa sababu dawa bado inafanya kazi na inaweza kuishusha tena. Parachichi na karanga hazifai kwa dharura hiyo. Mafuta yake yanachelewesha. Na kama unajisikia vibaya na kipimo hakiko karibu, kunywa sukari kwanza, kupima kutafuata. Waambie wa nyumbani: wakikukuta hujitambui wasikumiminie chochote mdomoni, wakukimbize hospitali. Hata ukizinduka ni lazima uangaliwe huko, maana sukari iliyoshushwa na glibenklamidi ina tabia ya kurudi chini saa kadhaa baadaye.

Kesho asubuhi nenda kliniki, hata kama tarehe ya kadi yako ni mwezi ujao. Sitakuandikia hapa upunguze kiasi gani, kwa sababu dawa hii hutoka kwa njia ya figo na ini, na vipimo vya figo zako sijaviona. Nitakachosema ni kwamba madaktari wengi hupunguza nusu ya dawa za kundi hili, au kuziondoa kabisa, mgonjwa anapoanza kubana wanga. Tena kwa umri wako kuna sababu ya pili: orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaitaja gliklazidi kwa kundi hili, na inaeleza kuwa glibenklamidi haiwafai waliovuka miaka 60. Muulize daktari wako kuhusu hilo bila kuona haya.

Mpaka umwone, usimeze kidonge cha jioni juu ya chakula kisicho na wanga kabisa. Weka kiazi kitamu cha ukubwa wa ngumi, au kikombe cha maharage. Najua utaona nimekurudisha nyuma. Ni kwa siku mbili tatu tu.

Sasa, tuseme umepima usiku kadhaa na kila mara inasoma 6, 7 au 8. Hapo nitalegeza sauti.

Wanga ukipungua, insulini nayo hupungua, na figo huachia chumvi na maji. Ndiyo sababu sehemu ya uzito ulioondoka wiki ya kwanza ilikuwa maji, na ndiyo sababu misuli inaweza kukaza na kichwa kuuma. Kunywa maji mchana. Chumvi usijiongezee mwenyewe, una presha. Nenda kaipime, kwani wengine hushuka hadi dawa ya presha nayo ikahitaji kupunguzwa. Ukisimama ghafla na kuona giza, dalili ndiyo hiyo.

Usingizi wenyewe pia huguswa na wanga. Mwaka 2007 watafiti wa Sydney waliwalisha wanaume 12 wenye afya wali wa aina mbili. Walipokula ule unaopandisha sukari haraka, muda wa saa nne kabla ya kulala, walipitiwa na usingizi ndani ya dakika 9 hivi. Wali wa aina nyingine ukawachukua dakika 17 na nusu. Inadhaniwa kuwa insulini inayofuata wanga husaidia triptofani, malighafi ya homoni ya usingizi, kuingia kwenye ubongo. Wewe huwezi kuutumia wali huo kama dawa, una kisukari, na hao hawakuwa nacho. Lakini utaelewa kwa nini mwili uliozoea ugali wa jioni miaka 60 unanung’unika. Kwa wengi hutulia ndani ya wiki chache. Nyama nyingi saa tatu usiku haisaidii, sogeza chakula mapema. Na chai ya rangi: nimeona wagonjwa walioacha uji wakaziba pengo kwa vikombe vitano vya chai kisha wakamlaumu parachichi.

Kwa wengine mnaosoma: anayechoma insulini ya mchanganyiko jioni yuko kwenye boti moja na mama huyu. Anayemeza dawa za kisukari za dapagliflozini au empagliflozini hatari yake ni nyingine. Akibana wanga sana, damu inaweza kujaa asidi huku sukari ikisoma karibu na kawaida; kichefuchefu, kutapika na kuhema haraka ni safari ya hospitali, si ya kesho.

Ugali, mama, hujalazimika kuuchagua ama wote ama sifuri. Dawa zikishapangwa upya unaweza kubaki ulivyo, au ukala tonge chache za dona mchana. Ukienda kliniki beba karatasi ya vipimo vya saa tisa usiku na maboksi ya dawa zako zote, pamoja na vidonge vya jirani kama bado hujamrudishia.