Kupiga picha wanyama wa usiku barabarani Tucson

Ukifika Tucson, Arizona, na kamera yako, usikimbilie jangwani. Anza na mitaa ya pembezoni, pale nyumba za mwisho zinapopakana na vichaka. Jua likizama, lami hubaki na joto kwa saa kadhaa. Nyoka huja kulala juu yake, na vyura hufuata wadudu wanaozunguka taa za majumbani.

Msimu wenyewe ni wa mvua za majira ya joto, zinazohesabiwa kuanzia 15 Juni hadi 30 Septemba. Ikinyesha kubwa ya kwanza, toka usiku huohuo. Wale vyura wadogo waitwao spadefoot hujifukia ardhini sehemu kubwa ya mwaka, na ngurumo zikiwaamsha huzaliana madimbwini bila kupoteza muda. Wanalia kama kondoo, kwa hiyo zima injini na usikilize kwanza.

Taa za barabarani ni chache. Tangu 1972 kuna sheria ya kudhibiti mwanga, kwa ajili ya darubini za wanaastronomia kama zile za mlima Kitt Peak. Utategemea flashi, lakini usiiache juu ya kamera: macho yatawaka na mnyama ataonekana bapa. Ishike pembeni, ifunike kwa kitambaa cheupe. Mimi huanza na tundu la lenzi f/8, kasi ya 1/200 ya sekunde na ISO 400 (wepesi wa kamera kupokea mwanga). Bundi usiwapige flashi kabisa.

Picha nzuri hupatikana lenzi ikiwa usawa wa macho ya mnyama, maana yake umelala kifudifudi kando ya barabara gizani. Usiende peke yako. Mwenzako asimame na tochi akiangalia magari, nawe uvae reflekta kama dereva wa bodaboda. Mwenye nyumba akichungulia dirishani, inuka umsalimie na umwonyeshe picha kabla hajapiga simu polisi. Watu hao ndio hukuambia havelina, wanyama wanaofanana na nguruwe pori, hupita wapi.

Rattlesnake, nyoka mwenye sumu anayetikisa mkia, mpige picha kutoka mita mbili au zaidi. Lenzi ya milimita 100 inatosha. Mjusi wa Gila analindwa kisheria tangu 1952, basi usimsogeze hata kwa kijiti. Yule chura mkubwa wa jangwa la Sonora ana sumu nyuma ya macho inayoweza kuua mbwa. Ukimgusa kumtoa njiani, nawa mikono kabla ya kurudisha jicho kwenye kamera. Maji ya kunawa yakae garini.