Fundi wa Uani: Rudisha Kwanza Grainda ya Watu

Wiki hii barua ni tatu tu, ila ya kwanza imenikalia moyoni kwa hiyo imekula nafasi kubwa, wengine mnisamehe.

Shikamoo fundi. Nimerithi Honda CG125 ya marehemu babu, imelala stoo miaka 9. Kiki haishuki kabisa, ukikanyaga ni kama umekanyaga jiwe. Nataka niifufue mwenyewe hapa uani halafu niifanye ya kimichezo, nikate fremu kwa nyuma, kiti kifupi, hendo ya chini. Grainda nimeshaazima kwa jirani. Naanzia wapi? – Msomaji, Morogoro

Marahaba mdogo wangu. Unaanzia kwa kurudisha grainda ya watu. Pikipiki ambayo haijawaka hujui hata kama inastahili hiyo kazi, na fremu ikishakatwa imekatwa. Mimi nilishawahi kukata ya kwangu sentimita 15 nyuma nikajiona bingwa, siku ya kwanza nampakia shemeji tunapita kwenye tuta, tairi likapanda likala kiti kwa chini, sponji lote likaisha, shemeji akashuka akaenda zake kwa miguu na mpaka leo tukionana ananiuliza "vipi ile baiskeli yako".

Sasa hiyo kiki. Injini iliyolala muda mrefu mara nyingi inakuwa ringi za pistoni zimeshikana na ukuta wa silinda kwa kutu. Usiirukie kiki kwa uzito wako wote, utakula meno ya gia yake na hapo itabidi upasue injini nzima. Toa plagi, mimina kwenye tundu lake dizeli uliyochanganya nusu kwa nusu na ile oili nyekundu ya gia boksi za magari ya otomatiki, vijiko vinne vitano vinatosha, rudisha plagi kwa mkono tu ili vumbi lisiingie, acha siku 3. Siku ya nne toa plagi tena, tia gia ya juu kabisa, shika tairi la nyuma, sukuma kidogo mbele, kidogo nyuma, taratibu, bila hasira. Likisogea hata milimita 2 basi umeshinda, ongeza dawa nenda kalale, kesho endelea. Wiki ikipita hakuna kitu ndio unafungua hedi, kile kichwa kinachofunika silinda kwa juu.

Na hapo babu alikuchagulia vizuri, Mungu amrehemu. Hiyo injini Honda waliitoa mwaka 1976 wakiwa wameona jinsi watu wa nchi kama zetu wanavyotumia pikipiki, mzigo mkubwa, vumbi, oili inabadilishwa siku mtu akikumbuka. Kwa hiyo wakaachana na cheni ya kuzungusha kamshafti (mhimili wenye nundu unaofungua valvu, vile vilango vya hewa na moshi) juu kwenye hedi, kamshafti wakaiweka chini karibu na kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, inazungushwa na gia, halafu fimbo mbili ndefu ndio zinapanda juu kusukuma valvu. Kamshafti yenyewe ina nundu moja tu inayohudumia valvu zote mbili, yaani ubahili wa akili kabisa. Faida kwako ni kwamba ukitoa hedi huna cheni ya kupanga taimingi wala kuidondosha ndani. Wachina nao waliiga hii hii, ndio maana bodaboda nyingi za Kichina zina damu yake na vipuri vyake havikupi shida, ila beba kipuri cha zamani mkononi ukalinganishe pale pale dukani, vya kufanana kwa macho sio lazima viingie.

Kabla hujafungua chochote tafuta boksi la soda au la viatu, chora juu yake umbo la kava unalofungua, toboa matundu, kila skrubu unayotoa ichomeke kwenye tundu lake. Skrubu za hayo makava hazilingani urefu, ukichomeka ndefu penye fupi ukaikaza unapasua aluminiamu. Na vichwa vyake vinaliwa haraka, tumia bisibisi ya kupiga na nyundo, ile inayojizungusha ukiigonga. Hii moja tu usikope, nunua.

Silinda ikishatoka, pitisha kucha ukutani juu mpaka chini. Kucha ikinasa kwenye mkwaruzo, silinda inataka kuchongwa. Kama ni laini, chukua ringi moja, isukume ndani kwa kutumia kichwa cha pistoni ili ikae sawa, pima mwanya kati ya ncha zake kwa fila (vile vibamba vyembamba vya kupimia mianya), ukizidi nusu milimita hizo ringi zimeshamaliza kazi duniani. Pistoni za ovasaizi, yaani nene kidogo kuliko ya kiwandani, zinakuja kwa hatua za milimita, 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, na watu wengi wanakosea hapa: wanapeleka silinda kwa fundi wa kukereza kwanza, pistoni wanatafuta baadaye. Nunua pistoni KWANZA, mpelekee fundi vyote viwili, achonge akiipima pistoni ile ile itakayoingia.

Kuna kitu kingine ambacho hata mafundi wa barabarani wanakiruka. Ukifungua kava la upande wa klachi, kwenye ncha ya kranki kuna kikombe cha chuma kimefunikwa. Hicho ndio chujio la oili, halina karatasi, linazunguka na kranki na uchafu unarushwa ukutani unaganda hapo. Kwenye pikipiki ya babu utakuta tope jeusi limekauka kama udongo wa mfinyanzi. Likwangue kwa kijiti cha mti, osha kwa petroli, funga. Mimi moja niliyofungua tope lilikuwa limejaa mpaka kimebaki katundu ka kupita njiti ya kiberiti, na mwenyewe ananiapia oili anabadilisha kila mwezi.

Ukirudisha juu, mwanya wa valvu weka milimita 0.08 zote mbili, injini ikiwa baridi, alama ya T (pistoni iko juu kabisa) kwenye sumaku, lile gurudumu la kuzalisha umeme kwenye ncha ya pili ya kranki, imekaa kwenye mstari wake na valvu zote zimefunga (fimbo zina mchezo kidogo ukizishika). Oili karibu lita moja. Iwashe, itembee mwezi mzima na sura yake ya kizee. Fungua breki za mbele na nyuma, breki shuu zikibaki milimita 2 tupa, na lile vumbi usilipulize kwa mdomo, futa kwa kitambaa chenye maji. Hendo ya chini inakuja baada ya hapo, nayo ukumbuke waya za klachi na breki zitakuwa ndefu kupita kiasi na zitajikunja, tafuta fupi. Fremu tuongee ukiniandikia tena kwamba imewaka.

Niaje fundi. Niko na ya Kichina 125, injini imeandikwa 156FMI. Rafiki ananiambia nitie pistoni ya 150 iwe na nguvu. Ni ukweli? – Msomaji, Mombasa

Poa ndugu yangu. Soma hiyo namba: 1 ni silinda moja, 56 ni upana wa tundu kwa milimita. Ya 150 inaandikwa 162FMJ, yaani tundu la 62. Mwendo wa pistoni kupanda na kushuka ni ule ule kwenye zote, milimita 49.5, kilichoongezeka ni unene tu. Sasa tundu lako la milimita 56 na nusu hivi ulichonge mpaka 62, hiyo silinda itabaki na ukuta gani? Itabidi ununue silinda nzima, na shingo ya silinda ya 150 mara nyingi haiingii kwenye mdomo wa injini ya 125 mpaka mdomo uchongwe, kwa hiyo injini yote chini. Kwa hela hiyo mimi ningecheza na spoketi, zile gia za cheni. Ukiwa na meno 14 mbele na 42 nyuma, ukatia 15 mbele, kwa mwendo ule ule injini inapunguza mizunguko kama asilimia 7, barabara ya tambarare utaipenda. Kama unabeba mizigo ya kupandisha mlima basi fanya kinyume, tia 13, spidi itapungua lakini itavuta.

Kaka fundi habari za kazi. Tangi langu lina kutu ndani na linavuja tone tone kwa chini. Fundi wa kuchomelea anasema nimwage petroli nimpelekee saa hiyo hiyo. Pia nataka kubadili rangi kutoka nyekundu iwe nyeusi. – Msomaji, Tanga

Dada yangu USIMPELEKEE. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke wa petroli umebaki ndani umechanganyika na hewa, cheche moja linapasuka kama bomu usoni kwa mtu. Ondoa koki, ziba tundu lake kwa kizibo cha mpira, osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga mara kadhaa mpaka harufu iishe kabisa. Halafu tia konzi mbili za nati ndogo, jaza siki ya dukani, funga, likung'ute, lilaze usiku kucha, likung'ute tena asubuhi. Itatoka rangi ya chai ya rangi. Mwaga, suuza kwa maji yenye magadi ili kuua ukali wa siki, suuza tena, kausha juani papo hapo, ukichelewa saa moja tu kutu mpya inarudi. Baada ya siki unaweza kukuta tundu moja limekuwa matano, usishangae, kutu ndiyo ilikuwa imeyaziba. Ndio sasa umpelekee, na yeye akianza kuchomelea tangi liwe limejazwa maji, ibaki wazi sehemu ya tundu tu.

Rangi ya kopo la kupuliza inatosha, ila juu yake paka klia (rangi isiyo na rangi ya kung'arisha) ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha iwe ngumu, maana rangi tupu petroli ikidondokea siku ya kwanza tu inababuka. Na kadi ya pikipiki imeandikwa nyekundu, kwa hiyo pitia TRA wakurekebishie, usije ukaanza kujieleza kwa trafiki umeshika kadi ya pikipiki nyekundu umekalia nyeusi.