Maswali ya Wasomaji: Taazia ya Mwanazuoni Katika Jarida

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mwalimu hapa Ujiji. Mwezi uliopita tulimzika mtafiti aliyetufundisha wengi, mtu aliyefuatilia dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika kwa zaidi ya miaka 20, hata wavuvi wa Kibirizi wakamhesabu kuwa mwenzao. Wanafunzi wake wa zamani wamenituma niandike taazia yake tuipeleke kwenye jarida la kitaaluma. Nimeshaandika kurasa saba, lakini rafiki yangu mmoja amezisoma akasema kuwa hii ni hotuba ya msibani. Tofauti iko wapi, na jarida hutaka nini hasa?
Mwalimu, Ujiji

JIBU: Mwalimu, poleni sana kwa msiba. Rafiki yako hakukosea, ingawa angeweza kulisema kwa upole zaidi. Hotuba ya msibani husemwa mbele ya watu waliomjua marehemu, na kazi yake ni kuwafuta machozi. Taazia ya jarida itasomwa na mtu wa Bujumbura au Helsinki, pengine miaka 30 ijayo, asiyemjua marehemu hata kwa sura, ambaye anataka kufahamu mtu huyu aliongeza nini katika elimu na aliyoyaacha yapo wapi. Vilevile usiichanganye na tanzia, ambayo ni tangazo la kifo tu, lenye jina, tarehe na mahali pa maziko.

Desturi hii ni ya zamani sawa na majarida yenyewe. Jarida la Journal des sçavans, lililoanza kutoka mjini Paris Januari 1665, lilichapisha taazia ya mwanahisabati Pierre de Fermat Februari mwaka huohuo, wiki chache baada ya kifo chake. Fermat alikuwa mtu wa mahakama huko Toulouse, na sehemu kubwa ya hisabati yake ilikuwa imebaki katika barua na karatasi ambazo hazijachapishwa, kwa hiyo kumtaja bila kutaja alichokiacha kungekuwa kazi bure. Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, nacho ina chapisho maalumu la kumbukumbu za wanachama wake waliofariki tangu mwaka 1932, na kila kumbukumbu huambatana na orodha ya maandishi ya marehemu. Wanachama huombwa waweke habari zao wenyewe wangali hai. Huku kwetu kumwomba mtu mzima aandike habari zitakazotumika akifa huonekana ni uchuro, na matokeo yake ni kwamba tunaulizana tarehe matangani, kila mtu na yake.

Tarehe hizo ndizo zitakazokuumbua. Niliwahi kuhariri jarida moja, tukachapisha taazia ya mwalimu ambaye kwa maelezo yetu alizaliwa mwaka 1943. Toleo lilipotoka mjane wake alikuja ofisini na bahasha ya kaki, akatoa cheti cha ubatizo kilichokaribia kukatika kwenye mikunjo, akakitandaza mezani, akaweka kidole juu ya mwaka: 1938. Ule mwaka wetu tuliutoa kwenye faili la ajira, ambako marehemu mwenyewe alikuwa amejipunguzia miaka ili asistaafu mapema. Mama yule hakugomba. Alituuliza tu kwa nini hatukupita nyumbani kwanza. Tulichapa masahihisho katika toleo lililofuata, lakini anayesoma toleo la kwanza leo bado anasoma 1943. Kwa hiyo nenda nyumbani kwa marehemu, omba kuona vyeti kwa macho yako, kisha linganisha tahajia ya jina lake na ile aliyoitumia katika makala zake, maana wengi wetu tuna majina matatu na tumeyaandika kwa namna nne.

Kabla ya kuhangaika na kurasa saba, mwandikie mhariri wa jarida barua fupi umweleze marehemu alikuwa nani, aliwahi kuchapisha nini katika jarida hilo au katika uwanja wake, na uulize kama wanapokea taazia na kwa ukomo wa maneno mangapi. Kwa kawaida taazia haipelekwi kwa wasomaji-wahakiki wasiojulikana kama makala ya utafiti. Mhariri mwenyewe ndiye anayeamua. Kwa sababu hiyohiyo usitarajie kuwa itahesabiwa kama makala ya utafiti siku unapoomba kupandishwa cheo.

Katika kuandika, anza na jina, tarehe na mahali alipofariki, kisha ingia kwenye kazi. Usiandike kuwa marehemu "alikuwa mtafiti mahiri aliyelipenda ziwa." Andika kwamba alikwenda na wavuvi usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo na karabai zimewashwa, akapima urefu wa dagaa kabla hawajamwagwa kwenye mchanga kukaushwa, na ueleze vipimo hivyo vilionyesha nini ambacho hakikujulikana kabla yake. Kuhusu ile sentensi ya "ameacha pengo lisilozibika," ambayo sina shaka iko katika kurasa zako, ifute, au sivyo lionyeshe pengo lenyewe: nani anaendelea kupima sasa, na madaftari yake yamehifadhiwa kwa nani? Maelezo ya mahali yalipo madaftari yana faida kwa mtafiti ajaye kuliko sifa za ukurasa mzima.

Najua utaniambia kwamba maiti hasemwi. Ni kweli, wala jarida si mahali pa kufukua magomvi ya ofisini au madeni. Lakini kama marehemu alibishana na wenzake kuhusu sababu za kupungua kwa samaki, mabishano hayo ni sehemu ya elimu aliyoiacha, na ukiyaficha utamfanya aonekane mtu ambaye hakuna aliyejali alichosema. Yaeleze kwa haki, pamoja na hoja ya upande wa pili. Ugonjwa uliomuua si lazima utajwe, na ukitajwa uwe kwa idhini ya familia. Picha nayo ina mwenyewe: chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 mpigapicha ana haki katika kazi yake, kwa hiyo usiichukue tu kutoka kwenye simu ya mtu kwa kuwa marehemu ametoka vizuri.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Baba yangu alifanya kazi ya kufuatilia sokwe Gombe kwa miaka mingi. Hakuwa na shahada yoyote. Je, jarida la wasomi linaweza kumwandikia mtu kama yeye?
Binti yake, Mwamgongo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Linaweza, na kwa maoni yangu linapaswa. Jane Goodall mwenyewe, mtafiti maarufu wa sokwe, alipofika Gombe Julai 1960 hakuwa na shahada ya kwanza, na alipofariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka 91, dunia nzima ilimwandikia. Lakini kumbukumbu za Gombe hazikuandikwa na mkono mmoja. Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa wakawateka wanafunzi watatu na msaidizi mmoja wa utafiti, watafiti wa kigeni wakaondoka, na Watanzania waliokuwa kazini ndio walioendelea kuwafuatilia sokwe na kujaza daftari siku baada ya siku. Hata kabla ya hapo, Januari 1974, aliyeshuhudia sokwe wa kundi la Kasakela wakimshambulia Godi, sokwe wa kundi la Kahama, alikuwa Hilali Matama, na tukio hilo linatajwa hadi leo kila panapozungumzwa ugomvi wa makundi ya sokwe. (Nakuomba ueleze kuwa Kahama hii ni bonde lililomo Gombe, asije mhariri wa Dar es Salaam akaipeleka Shinyanga.)

Tafuta mtafiti aliyefanya kazi na baba yako akuandikie, au muandike pamoja. Wewe toa yale asiyoyajua: alitoka nyumbani saa ngapi, aliwatambuaje sokwe kwa sauti kabla ya kuwaona, nani alimfundisha njia za mabondeni. Yeye aonyeshe ni makala zipi zilitegemea daftari za baba yako. Kama jina lake lilitajwa tu katika shukrani za mwisho wa makala hizo, basi taazia ndiyo itakayokuwa mara ya kwanza kazi yake kuelezwa kwa ukamilifu.

SWALI: Kaka yetu alifariki makala yake ikiwa imeshakubaliwa na jarida la nje. Sasa wameleta prufu, yaani nakala ya kusahihishwa kabla ya kuchapishwa, na kando ya jina lake wameweka alama inayofanana na msalaba. Sisi ni Waislamu na mama amefadhaika. Je, ni dharau?
Familia, Tabora

JIBU: Poleni. Si dharau. Ni alama ya wachapaji wa Ulaya, hutumika pia kuelekeza tanbihi, na kwa mazoea imekuwa ishara kwamba mwandishi amefariki. Hata hivyo mama ana haki ya kutoipenda. Mwombeni mhariri aiondoe na kuweka nyota, pamoja na tanbihi isemayo kwa maneno kuwa mwandishi alifariki na tarehe yake. Ombi hilo halibadilishi neno lolote ndani ya makala wala nafasi ya jina lake katika orodha ya waandishi. Tajeni pia ni mwandishi mwenza yupi atakayejibu barua za wasomaji kwa niaba yake, na kama kuna fomu ya hakimiliki ambayo marehemu hakuisaini, itasainiwa na msimamizi wa mirathi, si ndugu yeyote aliyepo nyumbani. Prufu hupewa siku chache tu, hivyo mwandikieni mhariri wiki hii, msingoje arobaini ipite.